Makoo Manne

"Ma."

Sauti moja tu, fupi na kavu, kama kigae kinachovunjika chini ya kisigino. Mtunzi akafumbua macho gizani. Ilikuwa imetoka chumba cha mwisho, kule mwisho wa korido, kwenye mashine ya michezo ya kizamani aliyokuwa akiitungia muziki. Na mashine hiyo alikuwa ameichomoa kwenye soketi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kulala.

Alitega masikio. Kimya. Kando yake binti yake wa miaka sita alilala chali, mdomo wazi.

"Umesikia?" alinong'ona.

Mtoto hakujibu, na mama yake akajiambia kuwa ni usingizi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mpya, ila Mtunzi na mwenzake walitaka uchezwe kwenye mashine iliyotengenezwa kabla hawajazaliwa, kwa sauti zake zilezile chache. Yeye alitunga muziki. Mwenzake, waliyemwita Mhandisi, aliandika programu nyumbani kwake, na kazi waliitumiana. Mashine ina makoo manne, ndivyo Mtunzi alivyozoea kumweleza binti yake. Mawili ya kuimba, la tatu la kuguna chini, la nne la kufoka tu, nalo ndilo ngoma. Shujaa akiruka akatoa mlio, mlio huo hauna koo lake. Huazima la mwimbaji mmoja, naye mwimbaji hunyamaza nusu pumzi mpaka arudishiwe.

"Na asiporudishiwa?" mtoto aliwahi kuuliza.

"Atanyamaza mpaka mchezo uishe."

Kila mlio ulipewa cheo, na mwenye cheo kikubwa alimnyang'anya mdogo. Cheo cha juu kabisa Mtunzi alikuwa amekipa kilio cha shujaa anapokufa. Hicho hakukitunga. Alikitoa kwenye kanda ya kaseti iliyokuwa kwenye sanduku la viatu, akakikatakata mpaka kikaenea kwenye ile nafasi finyu ambayo mashine inaruhusu kwa sauti ya mtu. Ikabaki silabi moja yenye makwaruzo.

"Hiyo sauti ya kufa umeitoa wapi, dada?" Mhandisi alimpigia siku ileile. "Nimeisikia, chai ikanipalia."

"Kwenye kanda ya zamani."

"Nani huyo?"

"Mtu tu."

"Basi usiiguse tena. Inauma vizuri."

Mtunzi alicheka. Alijua inauma vizuri. Ndiyo maana aliichukua.

Asubuhi, mezani, bibi, mama yake Mtunzi, alimtania mjukuu wake kama kawaida. "Mke mwenza, leo mbona umenuna? Bwana wetu kakukosea nini?"

Mtoto alifungua mdomo kumjibu. Koo likacheza, midomo ikacheza, na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Kisha akaanza kulia, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, kifua kikipanda na kushuka, na kilio chote kile kilikuwa kimya kama kilio kinachoonekana nyuma ya kioo.

Zahanati walimmulika kwa tochi. Koo safi, wakasema, halina hata wekundu.

Siku ya tatu Mtunzi alimwita fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke wa makamo ambaye watu walimwendea kwa nguo na kwa majini vilevile. Alikuja na pini zake midomoni. Akamzungushia mtoto shingoni futi yake ya kupimia, akaikaza kidogo, akainamisha sikio. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoa pini mdomoni.

"Humu mna mpangaji," alisema kwa sauti ya chini. "Jini asiye na koo. Anaazima. Na amekuja amevaa sauti ya maiti ambayo mmoja wenu ameianika nje. Ya nani?"

Bibi alikuwa akikunja mashuka, pembe kwa pembe, kama alivyofunzwa uuguzini. Mikono yake ikasimama.

"Basi msiniambie mimi," fundi akasema. "Marehemu alikuwa na jina. Aliyemfungia mlango amtaje, amwambie aende zake. Kwa sauti yake na kinywa chake mwenyewe, vyote viwili. Kikipungua kimoja, mpangaji anakuwa mwenye nyumba." Akaviringisha futi yake. "Mimi nimeshapima. Kushona ni kwenu."

Alipoondoka, Mtunzi na mama yake hawakutazamana.

Miaka ishirini na mitano nyuma, mama huyu alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, analala mchana. Alikuwa na mtoto wa pili, wa miaka minne, mwenye pumu, ambaye tangu alfajiri mpaka jua kuzama hakufunga mdomo. Alisema na kuku, alisema na viatu, mpaka watu wa nyumbani wakampa jina la ndege mdogo mwenye makelele, na lile jina la cheti likasahaulika. Adhuhuri moja mama alimfungia chumba cha mwisho, akashusha komeo, akaziba masikio kwa pamba yenye spiriti, akalala. Mtunzi, wakati huo ana miaka tisa, aliambiwa asifungue. Hakufungua. Alikaa mlangoni na redio kaseti, anacheza utangazaji, anarekodi. Alirekodi mazungumzo, akarekodi kikohozi, akarekodi "Mama", mpaka hapakuwa tena na cha kurekodi.

Baada ya mazishi mama alitamka neno moja: jina lile lisisikike humu ndani. Hata ndege wa jina hilo akitua dirishani, alimfukuza kwa kitambaa.

"Mama, mtaje," Mtunzi alisema jioni ile.

"Nimtaje nani?"

"Unamjua."

Bibi aliendelea na mashuka. "Wako mabubu wanaolewa, wanazaa, wanazeeka. Mwanao atazoea."

"Mama. Ni mjukuu wako."

"Na yule alikuwa nani wako?" Sasa alimgeukia. "Mimi niliziba masikio. Wewe ulisikiliza. Leo umemtoa kaburini umpigishe kelele kwenye mchezo, halafu unanituma mimi nikamrudishe."

Usiku huo mtoto alilala mdomo wazi, na kutoka ndani, midomo ikiwa haitikisiki, ikaja: "Ma." Chumba kizima kikanuka pamba na spiriti. Mtunzi akampigia Mhandisi, akamsihi afute ile sauti.

"Nimeifuta tangu juzi," Mhandisi alinong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa na kilicho mezani kwake. "Shujaa hafi, dada. Amesimama tu. Na bado inalia."

Siku ya tisa, adhuhuri, jua likiwa juu ya bati, Mtunzi alimwita mama yake chumba cha mwisho amsaidie kusogeza meza. Bibi aliingia. Mtunzi akatoka, akavuta mlango, akashusha komeo, lilelile, ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeling'oa. Ndani mashine ilikuwa inawaka. Alikuwa ameuacha mchezo, nakala yake ya awali yenye kilio kile, bila mchezaji, shujaa anatembea mwenyewe mpaka shimoni, anakufa, anaanza upya.

"Ma."

"Acha utoto," mama yake alisema, akicheka kidogo.

"Jina, mama. Na umwambie aende."

"Ma. Ma."

Mtunzi akakaa chini, mgongo ukiegemea mlango, mahali palepale alipokaa akiwa na miaka tisa, akasikia kicheko kikigeuka matusi, na matusi kugonga, na kugonga kuwa mkwaruzo wa kucha unaoshuka taratibu kwenye mbao mpaka usawa wa kitasa, usawa wa mtoto wa miaka minne, na katikati ya yote ile silabi ikija na kuja, kila safari karibu zaidi, mpaka hakujua tena kama inatoka kwenye mashine au kwenye ukuta au kwenye mbao zilizokuwa zikimpasha joto mgongoni, na harufu ya spiriti ikapita chini ya mlango, na mama yake akasema, kwa pumzi ya mtu anayepanda ngazi, "Nifungulie, mwanangu, kifua kinanibana."

"Jina."

"Nitalisema. Nifungulie kwanza, nifungu—"

Ikakatika, kama uzi chini ya mkasi. Mashine nayo ikanyamaza. Komeo liliendelea kutikisika. Mtu alikuwa bado anaupiga mlango kwa viganja viwili, bila neno, bila hata kuguna.

Mtunzi alinyoosha mkono afungue. Hapo akasikia nyayo ndogo nyuma yake.

Binti yake alikuwa amesimama katikati ya korido, miguu mitupu, akimtazama. Koo lilikuwa linacheza.

"Mwanangu," Mtunzi alisema, mkono ukidondoka kutoka kwenye komeo. "Sema. Sema chochote."

Mtoto akafungua mdomo, na humo ikatoka sauti ya mwanamke mzima, iliyokwaruzwa na zamu za usiku, sauti ambayo Mtunzi aliijua tangu kuzaliwa, ikilia, ikitamka taratibu, kwa kinywa kisicho chake, kile ilichokikataa kwa miaka ishirini na mitano:

"Chiriku."