Subiri Hapo, Nageuza

Mshale ulinyanyuka wenyewe.

Redio ilikuwa mezani, tumbo wazi, haijaunganishwa na kitu: si betri, si antena, hata waya wa kuazima. Fundi alikuwa akiipangusa matope kwa mswaki mkuukuu, adhuhuri, jua kali, pale mshale mdogo unaoonyesha nguvu ya sauti inayoingia ulipopanda taratibu hadi mwisho, ukatulia huko kama mtu aliyetega sikio. Akaugonga kwa ukucha. Ukashuka. Akajiambia ni joto. Mwanamke aliyesoma chuo haogopi hovyo. Kwanza huutafutia woga wake jina la kitaalamu.

Redio yenyewe aliijua. Ilikuwa ya madereva kuitana njiani, na ni yeye aliyeifunga kwenye lori la kaka yake, na ndani ya lori hilo kaka yake alifia, miezi saba iliyopita, katika kona ya mteremko unaoonekana hata ukisimama langoni mwa yadi. Breki ziliungua, lori likalala ubavu korongoni, dashibodi ikambana miguu, mvua inanyesha. Waliomfikia asubuhi walimkuta bado ameshika maiki.

Kilomita mbili mbele yake siku ile alikuwapo dereva mwenzake, waliyemwita Mpole. Mazikoni Mpole alilia hadi akashikwa makwapa na watu wawili. Kulia si kazi ngumu, hakuhitaji hata leseni. Kisha, katikati ya kwikwi, akasema, "Laiti redio yangu ingekuwa nzima! Ilikuwa bubu tangu Fundi aifunge. Lakini tumwachie Mungu."

Wakamwachia Mungu, na Fundi wakamwachia lawama. Wake za madereva wakawa wanampita wameuma midomo. "Kamuua kakaye kwa waya mbovu," walisema, si kwa sauti ya chini sana. Kilichomla zaidi ni kwamba hakujua kama ni uongo. Mpole alikwisha kuing'oa redio yake na kuitupa kabla yeye hajaipima. Basi kila siku alizifunga upya waya zile kichwani, kiungo kwa kiungo, akitafuta kosa, na kutoliona hakukumpa usingizi.

Asubuhi hiyo mwenye malori, Tajiri, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana.

"Mpole anataka redio. Mfungie ile ya kwenye ajali."

"Tajiri, ile ni ya marehemu."

"Marehemu sasa anaongea na nani? Funga. Na hii nayo ikigoma, tusijuane."

Akafunga. Alitoboa chini ya dashibodi ya lori la Mpole akaikaza redio kwa skrubu nne. Waya mwekundu akaupeleka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake. Mweusi akaubana kwenye bodi, mahali alipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Antena akaiweka juu ya mkono wa kioo cha pembeni. Ikabaki kupima.

Ukibonyeza maiki, nguvu hutoka kupitia antena ikaenda zake. Ufungaji ukiwa mbovu, sehemu yake hukosa njia na kumrudia aliyeituma, na ikirudi nyingi, redio huungua. Fundi alikuwa na mita ndogo ya kuonyesha hicho kinachorudi. Alipomfungia kaka yake, hakukurudi kitu. Alipomfungia Mpole, hakukurudi kitu. Angeapa, lakini nani angemsikiliza?

Akabonyeza. Mshale wa mita ukaruka hadi mwisho.

Akakaza viungo, akabonyeza tena. Hadi mwisho. Akabadilisha waya mzima wa antena, akabonyeza mara ya tatu, na safari hii mshale uliugonga ukuta wake na kuendelea kuugonga, tik, tik, tik, kana kwamba kilichokuwa kikirudi ni kingi kuliko alichokipeleka. Na hapo ndipo ilipomjia harufu, breki zilizoungua na udongo uliolowa, ndani ya kabini iliyoanikwa juani, katika lori ambalo injini yake haikuwashwa tangu alfajiri, ikamwingia puani ikashuka kooni mpaka ulimi wake ukahisi ladha ya chuma, na mkono wake ulioachia maiki ukabaki hewani kwa sababu redio haikunyamaza kama redio zinavyonyamaza bali ilinyamaza kama mtu.

"Ulifunga vizuri," ikasema.

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Haikuwa kaka yake. Kaka yake hakumaliza maneno mawili bila kukohoa sigara zake. Sauti hii haikuwa na pumzi kabisa.

"Wewe ni nani?" Fundi alinong'ona.

"Kakako amelala, mwache. Mimi ni mwenyeji wa korongo. Aliita, akaita, hadi nyumba yangu ikajaa jina la mtu mmoja. Wenu walipokataa kumjibu, nikamjibu mimi. Nikamwahidi."

"Ulimwahidi nini?"

Redio ikatoa mvua. Mvua nzito juu ya bati, kisha kikohozi alichokijua Fundi tangu utotoni.

"Mpole, Mpole, nimebanwa. Unanisikia?"

Na Mpole, wazi kabisa, kama yuko dirishani: "Nakusikia, kaka. Subiri hapo, nageuza."

Kisha kikasikika kitufe cha kuzima kikibonyezwa. Kisha mvua tu, na kaka yake, kila baada ya muda, kwa adabu ya mtu asiyetaka kusumbua:

"Mpole, umefika wapi?"

"Mpole, usiharakishe sana, kaka, barabara inateleza."

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja. "Kwa nini hakugeuza?"

"Wa kwanza kushusha mzigo ndiye hupewa safari inayofuata. Alitaka kuwa wa kwanza." Mshale ukatulia. "Nilimwahidi kakako kwamba atageuza. Siingii pasipo kuitwa. Nipe waya mzima. Mkono wa kuniita uwe wa Mpole."

Koleo lilikuwa mkononi mwake. Kukata waya ni kazi ya kufumba na kufumbua. Alikuwa bado amelishika Mpole alipofika na Tajiri, akichokonoa meno kwa njiti.

"Vipi, Fundi? Safari hii itasema?"

"Mpole, nikuulize mara moja tu, mbele ya Tajiri. Siku ile redio yako ilisikia?"

Mpole akaweka kiganja kifuani, na machozi, kama watumishi waaminifu, yakaja palepale. "Dada yangu, acha kujitesa. Fundi gani hakosei? Mimi nimeshakusamehe."

Nimeshakusamehe! Fundi akalirudisha koleo mfukoni. Akabonyeza kupima kwa mara ya mwisho: mshale haukutikisika. Hakukurudi kitu.

"Iko tayari," alisema, akampa maiki. "Ijaribu."

"Haloo, haloo. Kuna anayenisikia?"

"Nakusikia, kaka," redio ikajibu kwa sauti ya Mpole mwenyewe.

Mpole akacheka. "Mbona inanirudishia sauti yangu?"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Inarudisha."

Saa kumi alasiri walikuwa ofisini watatu: Tajiri, karani, na Fundi aliyejisingizia kukagua redio ya yadi. Mara ikakoroma.

"Yadi! Yadi! Usukani haunisikii! Nilishaipita kona, lori linageuka lenyewe!"

Tajiri akaidaka maiki. "Kanyaga breki!"

"Nimekanyaga! Linashuka! Kuna kitu kimekaa kiti cha pembeni, Tajiri, kimelowa, kinaninong'oneza, kinasema nageuza, nageuza, nageuza..." Sauti ikapasuka. "Nilimsikia! Haya, nilimsikia! Redio ilikuwa nzima, waya zilikuwa nzima, nikaizima mwenyewe! Fundi, nisamehe, kiambie kiache!"

Ukafuata mlio wa chuma kikiburuzwa, mrefu, kisha kimya.

Karani aliweka kalamu chini. Tajiri alimtazama Fundi. Miezi saba ilimshuka Fundi mabegani. Aliisikia ikishuka.

Kisha redio, kwa sauti ndogo: "Fundi. Nimebanwa miguu. Unanisikia?"

"Yu hai!" Tajiri alipiga kelele. Malori yote yalikuwa safarini. Yadini palikuwa na pikapu ya Fundi peke yake. "Ufunguo wako, upesi!"

"Nimeuacha karakana," alisema Fundi. "Tafuteni kwenye meza."

Wakatoka mbio, Tajiri na karani, wakipigana vikumbo mlangoni. Fundi akabaki. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, pamoja na koleo, ukimchoma pajani. Alisikia wenzake wakipekua karakana, makopo yakianguka, Tajiri akilaani. Akaichukua maiki, akaileta karibu na mdomo kama mtu anayetaka kumwambia mtoto siri.

"Nakusikia, Mpole," alisema. "Subiri hapo, nageuza."

Akaizima redio. Akauchomoa na waya wa umeme ukutani, kwa usalama, kama fundi yeyote mwenye akili angefanya. Kisha akaketi, mikono mapajani, akasubiri ajisikie mwenye furaha.

Nje jua lilikuwa kali. Ofisini pakaanza kunuka udongo uliolowa.

Mshale wa redio ya yadi ukanyanyuka taratibu, ukaenda hadi mwisho, ukatulia. Fundi akaugonga kwa ukucha. Haukushuka.