Kamanda Alipomsemea Mama

Mvua iliwakuta watu wa mtaa wa maduka bila miavuli. Kila mwenye miguu alikimbilia kibaraza cha karibu, na kibaraza cha duka la filamu kikajaa mpaka watu wakapumuliana shingoni. Fundi wa mapazia alijibana mbele kabisa, amekumbatia jora la kitambaa kifuani. Gauni lake la zambarau lilikuwa limelowa hadi magotini.

Ndani ya duka, televisheni ilikuwa ikionyesha filamu ya vita ya kigeni. Juu yake sauti ya mwanamume mmoja ilitafsiri kwa Kiswahili maneno ya jenerali, ya askari, hata ya bibi kizee.

"Haya mabomu yanalia kwa mpangilio kama ngoma," fundi alimwambia mwanamke aliyesimama kando yake. "Na hao wanakimbia mikono mitupu. Nani anakimbia vita bila sufuria?"

"Sufuria ya nini, dada?" mtu akauliza nyuma yake.

"Ya kupikia. Mtu akikimbia hudhani kesho atapika. Na huyu anayetafsiri ndiye kabisa. Mtoto analia, yeye anatia utani. Huyu hajakimbia hata mbwa."

"Mbwa nimemkimbia. Yuko nyumba ya pili kutoka kwetu."

Fundi aligeuka. Aliyejibu alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, na sauti yake ndiyo ileile iliyokuwa ikitoka kwenye televisheni. Kibaraza kizima kikacheka.

"Kamanda, leo umepatikana," mtu alisema.

Fundi aliona haya, lakini hakurudi nyuma. "Basi siku filamu ikiwa na mbwa, umbwekee vizuri."

Mvua ilikatika, watu wakatawanyika, Kamanda akabaki anaomba namba ya simu. Alidai anahitaji pazia zito la chumba anachorekodia. Fundi alijua ni kisingizio, akaja kupima hivyo hivyo.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimeegemezwa magodoro ili kelele za nje zisiingie. Wakati wa kurekodi feni ilizimwa, Kamanda akajifunga taulo shingoni kufuta jasho. Hakuandika chochote. Alitazama filamu na kusema papo hapo, mwanzo hadi mwisho. Lugha nyingine alizijua nusu, nyingine hakuzijua kabisa. Asipoelewa, alimtazama mtu usoni akamtungia la kusema.

Pazia liliisha kushonwa, simu hazikuisha.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Umeua wangapi leo?"

"Kikosi kizima. Koo limekauka."

"Kunywa maji ya moto, na uwapumzishe maadui. Nao wana mama zao."

Mara nyingi fundi alikuja na kazi yake ya mkono, akakaa pembeni akipinda kitambaa na kutazama. Hakusema neno mpaka filamu iishe. Ndipo Kamanda alipouliza, "Haya, hakimu, hukumu?"

"Wanaotoa amri nimewaona. Anayewafulia askari nguo simwoni. Halafu mbaya wao ana kovu usoni. Mbaya wetu alikuwa mzuri wa sura, tena jirani. Na vita vyao vinaisha siku wakubwa wanapopeana mikono. Vyetu viliisha, sisi tukaendelea kulala na viatu."

Kamanda aliacha utani. "Mpenzi, ulikuwa wapi wewe?"

Fundi alichomeka sindano kwenye kitambaa, akamwambia. Alikuwa mtoto. Walitoka nyumbani alfajiri yeye na mama yake na majirani, na walipofika njia panda mama akakumbuka kwamba hakufunga mlango. Akasema, "Tangulieni, nakuja." Hakuja.

"Mlango wenyewe ulikuwa wa bati," fundi alisema. "Mtoto mdogo angeufungua kwa teke. Hili sijamwambia hata mama mdogo aliyenilea. Aliniuliza siku ile nilipofika kwake, nikanyamaza. Tangu hapo hajaniuliza tena."

Kamanda alimshika mkono, wakakaa hivyo.

Siku zilipita, ikaletwa filamu nyingine ya vita, ya lugha asiyoijua hata salamu. Katikati yake mama mmoja alisimama barabarani, akageuka kuitazama nyumba yake, midomo ikacheza. Kamanda alimtazama usoni, na kabla hajafikiri, neno lilikuwa limeshatoka: "Tangulieni, nakuja." Alidhani hajawahi kutafsiri vizuri kama siku hiyo.

Filamu ile iliuzwa kama karanga, na mtaa ukalidaka neno. Mtu akichelewa kutoka kazini, wenzake walimsemea. Kijana akitaka kukwepa deni, alilitamka huku anakata kona. Fundi alilisikia kwa muuza vifungo, mteja alipokuwa anaitwa achukue mzigo wake.

"Tangulieni, nakuja," yule mteja alijibu, watu wakacheka.

"Umelitoa wapi hilo?" fundi aliuliza.

"Dada, hujaona filamu mpya ya Kamanda?"

Alikwenda mpaka kibarazani, akatazama filamu mpaka pale. Kisha akaondoka polepole. Kamanda alimpigia simu kutwa nzima, fundi akaipokea mara moja tu.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Limebaki jina la mama yangu. Liuze na hilo."

Akakata.

Kamanda alibaki na simu sikioni. Nje, wapakia mizigo wawili walipita wakitupiana lile neno na kucheka, na hapo ndipo alipolisikia kama fundi alivyolisikia. Akaketi juu ya godoro, kichwa mikononi.

Jumapili mchana alibisha hodi kwa mama mdogo, alikoishi fundi, amevaa shati lisilopigwa pasi. Mama mdogo alikuwa ananyoosha nguo mezani.

"Wewe ndiye wa ile filamu?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Lile neno la yule mwanamke umelipata wapi? Dada yangu alikuwa na tabia hiyo. Tukienda kisimani, tangulieni nakuja, halafu tunamngoja mpaka jua kali."

Fundi alikuwa ametokea mlangoni. Kamanda alimtazama, na safari hii hakumsemea mtu.

"Mama, mimi nimeshasema lisilokuwa langu. Muulize mwenyewe."

Fundi alisimulia akiwa amesimama palepale, tangu alfajiri mpaka njia panda. Mama mdogo alizima pasi.

"Kumbe alirudi mwenyewe," alisema. "Miaka yote hii nilidhani mlimwacha. Nilikulea na hilo donge moyoni, mwanangu, na sikukuonyesha."

"Alituambia tutangulie, mama."

Walikumbatiana, na Kamanda akatoka taratibu kwenda kungoja uani. Alingoja sana. Fundi alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Utairudia ile filamu. Na mimi nitakuwepo."

Wakakaa tena chumbani mwa magodoro, feni imezimwa. Kamanda aliwasemea askari, akamsemea jenerali. Yule mama aliposimama barabarani, fundi aliinua kiganja.

"Kwani alisema nini hasa?"

"Sijui. Lugha yao siijui."

"Basi mwache aseme mwenyewe."

Kamanda alipandisha sauti ya filamu, akafunga mdomo. Yule mama alisema maneno yake, machache, kwa lugha ya kwao. Wote wawili hawakuyaelewa, wakamsikiliza mpaka mwisho.

"Wateja watasema sauti imekatika," Kamanda alinong'ona.

"Uso wanauona. Watajaza wenyewe."

Alisimamisha filamu, akavua spika za masikioni. "Nina jambo."

"Hujamaliza vita."

"Vitangoja. Nataka nikuoe, fundi wangu. Kama bado una hasira, nitakuuliza mwezi ujao."

Fundi alimtazama kwa muda, kama anayepima dirisha. "Hiyo sauti ya nani? Sijawahi kuisikia."

"Yangu."

"Inatetemeka."

"Ndiyo, inatetemeka."

"Basi rudia," alisema, akamfuta jasho kwa ncha ya taulo. "Niizoee."