Boya Lililozama

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua sare, akavaa ovaroli iliyokatwa mikono, akaingia gereji ya shangazi yake nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuosha vipuri katika beseni la mafuta ya taa. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, na halikuwa sifa. Mtoto huyu alikuwa hodari wa kumaliza kazi. Kuifanya ndiko kulikomshinda.

Alhamisi hiyo aliosha maboya manne ya gari la zamani la mashindano, jekundu, la viti viwili, lililomzidi shangazi umri. Boya ni kikopo kidogo cha shaba kilichozibwa pande zote, kinachoelea ndani ya kabureta, chombo kinachoichanganyia injini petroli na hewa. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano izibe njia. Likiziba mapema mno, injini hubaki na kiu; likichelewa, petroli hufurika.

Maboya matatu yalielea katika beseni. La nne lilizama. Chapuchapu aliliona. Alilitoa, akalitikisa, akasikia kitu kikicheza ndani. Lakini wenzake walikuwa wakimsubiri uwanjani, na alijua kwamba ukimwonyesha shangazi kasoro moja, utaosha gereji nzima. Akalifuta, akalipanga na mengine, akatimua mbio.

Ijumaa aliporudi alimkuta shangazi hasemeki. Mwenye gari, daktari wa meno mstaafu, angelifuata kesho asubuhi kwenda kwenye mashindano aliyoyangoja mwaka mzima, na shangazi alikuwa amemwahidi kwamba litakuwa tayari. Tangu asubuhi alikuwa akigeuza kifuniko cha kabureta, akipitisha shina la keekee chini ya kila boya kupima nafasi, na kukunja kwa koleo kile kipande cha bati kinachoigusa sindano. Vipimo vilikuwa sawasawa. Lakini kila alipowasha, gari lilikohoa moshi mweusi na petroli ikachuruzika sakafuni. Alipima kwa keekee, akapima kwa rula, mwishowe akaipima keekee yenyewe. Chapuchapu alimshikia tochi.

Basi shangazi akaamua kwamba sindano ndizo mbovu. Alizichomoa zote, akaenda nazo kwa jirani yake muuza vipuri aliyemuuzia, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza takataka. Jirani akajitetea kwamba sindano za aina hiyo hiyo anazitumia katika gari lake. Shangazi hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Alizibwaga mezani, akarudi mikono mitupu, akachukua simu ili amwambie daktari atafute usafiri mwingine.

Chapuchapu akaushika mkono wenye simu. "Shangazi, usipige kwanza. Boya moja lilizama nilipokuwa naliosha."

Shangazi akaiweka simu chini taratibu. "Lini?"

"Jana."

"Na leo umesimama hapo unanimulikia tochi nipime boya bovu?"

"Niliogopa utaniambia nianze upya."

"Haya, nimeanza upya mimi. Tangu asubuhi."

Walilitumbukiza boya katika maji ya moto. Viputo vikatoka mahali pamoja, kwenye tundu dogo kuliko ncha ya pini, lililoingiza petroli na kulifanya boya liwe zito lisipande. Shangazi alingoja boya likauke kabisa ndani, ndipo akaliziba kwa tone dogo la risasi iliyoyeyushwa, kwani risasi nyingi ingelirudishia uzito ule ule. Sasa ilibaki kupima tena. Lakini sindano zilikuwa kwa jirani.

Shangazi, ambaye kwake kuomba radhi ni sawa na kung'olewa jino, alimshika Chapuchapu mkono, wakaenda pamoja. Aliomba radhi mbele ya wateja wale wale, kisha akamsukuma mtoto mbele, naye akaeleza kila kitu. Muuza vipuri alizitoa sindano. Alikuwa amezifunga vizuri katika karatasi safi.

"Zimetukanwa leo bila kosa," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ila wewe umesema kabla ya mazishi."

Jioni gari liliwaka, likanguruma vizuri, na sakafu ikabaki kavu. Chapuchapu alisubiri kuambiwa yamekwisha. Shangazi alizima injini, akafuta mikono.

"Kosa lako si boya kutoboka," alisema. "Boya limechakaa, si wewe uliyelitoboa. Kosa lako ni kuona na kunyamaza. Kasoro usiyoisema haipotei, humwangukia mwingine. Leo imeniangukia mimi, nami nikamwangushia jirani yangu. Ukiona kitu, sema saa ile ile, hata kama kusema kutakuongezea kazi."

Kisha akamsogezea beseni. Vipuri vya gari jingine vilikuwa vimejaa humo mpaka juu. Chapuchapu alichukua cha kwanza, akakigeuza mara mbili kwenye mwanga kabla ya kukiosha.

"Shangazi," akaita, "hiki kina ufa."

Shangazi akashusha pumzi ndefu, akavuta kigoda, akaketi kando yake kukitazama.