Aliyeitika Nyuma

Mwalimu hakufika. Wenzake walikuwa wameshashuka mlimani, wameegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ofisi, wanakunywa maji na kuoneshana mikwaruzo ya magotini huku wakicheka. Yeye peke yake hakuonekana. Breki, kiongozi wa msafara, aliitazama njia inapotokea msituni.

"Lakini ameitika," alisema. "Pale kwenye jabali nimeita, ameitika."

Ndivyo ilivyokuwa kazi yao ya kuongoza wateja kwa baiskeli. Njia ile inauzunguka mlima mzima. Inapanda katikati ya misonobari, inapita juu ya maporomoko ya maji, inalizunguka jabali kubwa, kisha inateremka hadi ilikoanzia, na mandhari yake ni mazuri mpaka watu wanasahau kutazama wanakokwenda. Kiongozi hutangulia. Anayefunga msafara huitwa mkia, na kila penye hatari kiongozi hupaza sauti: "Mkia!" Naye wa nyuma huitika: "Nipo!" Hapo safari huendelea.

Miaka yote aliyekaa nyuma alikuwa mdogo wake Breki, wa tumbo moja, mpaka Mkia likawa jina lake na lile la kuzaliwa likabaki la mama yao tu. Breki naye walimbandika lake kwa woga wa miteremko. Alikuwa akishika breki hata penye tambarare. Tangu msiba wa Mkia, hakuna mfanyakazi aliyeitaka nafasi ile. Siku hiyo mwalimu, mwanamke aliyekuja kama mteja tu, alijitolea kwa utani.

Breki alirudi juu mbiombio, akamkuta ameketi juu ya jiwe kwenye misonobari, kifundo cha mguu kimevimba.

"Nimepiga kelele hadi koo limekauka," mwalimu alilalamika. "Hukunisikia?"

"Si uliniitikia? Pale jabalini?"

"Niitike vipi, kaka? Huko jabalini sijafika."

Breki hakuuliza tena. Hata hayo aliyouliza alikuwa akijidanganya, maana sauti aliyoisikia haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa ya Mkia, na ile "Niiipo" yake ya kuvuta, ya mtu aliyekatizwa usingizi.

Nyumbani alimkuta mama yake akikunja nguo. Akamweleza kwa sauti ya chini, akitegemea apige ukunga. Mama hakupiga ukunga. Alilipapasa shati lililokuwa mapajani.

"Alisikika vizuri?" aliuliza.

"Mama!"

"Nauliza tu. Kile kikohozi chake kimepona?"

Kesho yake Breki alikwenda kwa fundi cherehani mmoja aliyesifika kwa kutibu watu wenye majini. Fundi huyo alimsikiliza pini zikiwa mdomoni, mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

"Siku mdogo wako alipoanguka, ulimwita?"

"Nilimwita. Jabalini."

"Akaitika?"

"Aliitika. Ndiyo maana nikaendelea na safari."

"Na mlimwokota wapi?"

"Maporomokoni," Breki alijibu, ndipo akang'amua. Walimtoa chini ya maporomoko, na maporomoko yako kabla ya jabali. Wakati anaitwa, Mkia alikuwa ameshaanguka nyuma huko, hana pumzi.

Cherehani ilinyamaza. Fundi alitoa pini mdomoni. "Basi hata siku ile hakuwa yeye. Ni jini limekuta nafasi iko wazi, likaingia. Kila ukiita unalirudisha kazini. Hebu niambie, baba, umewahi kutamka kwa mdomo wako kwamba mdogo wako amekufa?"

Hakuwahi. Msibani watu walimwambia ametangulia, akawakasirikia kwelikweli. Mkia hakuwahi kutangulia popote, hata kunawa mikono alikuwa wa mwisho.

"Nenda peke yako," fundi alisema. "Ita. Likiitika, liambie ukweli. Usigeuke, na usiite tena, hata likulilie vipi."

Mchana huohuo alipanda. Alipofika jabalini alisimama, mguu mmoja chini, jasho likimchonyota machoni.

"Mkia!"

"Niiipo!"

Ilitokea karibu, karibu mno. Kisha ikaja harufu ya matope ya mtoni na mafuta ya mnyororo, na nyuma yake gurudumu likawa linalia tiki, tiki, polepole, kama baiskeli inayokokotwa kwa mkono.

"Kaka," sauti ilinong'ona. "Huku kuna baridi. Mbona hunitazami?"

Breki alizibana breki mpaka vidole vikafa ganzi, na pumzi isiyo na joto ikamgusa kisogoni, na akajua kwamba akigeuka ataiona sura ile, pengine nzima kama zamani, na hatajali ni nani aliyeivaa, atamshika mkono tu amrudishe nyumbani kwa mama, na hilo ndilo lililomtisha kuliko harufu na kuliko gurudumu, kwamba moyo wake haukutaka liondoke.

"Mdogo wangu amekufa," alisema, akilia. "Ametangulia."

Gurudumu likakoma.

"Niite tena, kaka. Mara moja tu."

Alikanyaga pedali akateremka bila kugusa breki, na kilio kikabaki juu, kilekile cha utotoni Mkia alipofungiwa mlango nje, kikafifia, kikapotea. Wakasikika ndege tu.

Chini, kwenye benchi la ofisi, alikuwa ameketi mama yake, amejifunga mtandio wake wa kutokea.

"Nimekuja na mimi nimsikie," alisema. "Yuko karibu?"

"Ameondoka, mama. Hakuwa yeye. Lilikuwa jini."

"Najua, baba. Unadhani sijui?" Aliukaza mtandio. "Lakini sauti ni ya mwanangu. Ungeningoja."

Breki alichuchumaa miguuni pake.

"Alisema nini?"

"Amekusalimu," alidanganya. "Amesema shikamoo."

Mama aliinua uso kuelekea msituni. "Marahaba, mwanangu!" aliita kwa nguvu zake zote, na Breki akasikiliza, akiomba kimoyomoyo asiitike mtu.

Hakuitika mtu. Ndipo mama akaanza kulia.