Sangala Aliyerudishwa Majini

Injini ilizimika saa nne asubuhi, wakati milima ya Kalemie imeshakuwa mstari mwembamba wa buluu. Jérémie akavuta kamba mara ishirini, akafungua tangi, akanusa. Maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Kisha upepo ukavuma kutoka bara, mawimbi yakapanda, na mtumbwi ukaanza kusukumwa mashariki.

Éliane aliyatazama hayo kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha la ofisi yake bandarini. Hakuogopa. Tangu walipomzika mumewe Achille, miezi mitatu sasa, hakuna kilichomgusa. Shemeji yake Jérémie ndiye aliyemshurutisha aje ziwani, apunge hewa. Jérémie huvua kwa fimbo siku za mapumziko, kwa kujifurahisha tu: sangala mkubwa humpeleka nyumbani, mdogo humrudisha. Kila ndoano huikandamiza kijino chake kinachoelekea nyuma kwa koleo, isije ikauchana mdomo wa samaki.

Ile mpya hakuwahi kuikandamiza. Wimbi lilipowapiga ubavuni, fimbo iliruka, ndoano ikamzama Jérémie kiganjani.

"Usivute," alisema, meno yamekazana. "Isukume mbele, itokee upande wa pili. Kisha ukate kijino."

Éliane alisukuma. Ngozi ikatuna, ikapasuka, kijino kikachomoza. Akakikata kwa koleo, akarudisha chuma nyuma, akafunga jeraha kwa kitambaa chake cha kichwa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Maji ya kunywa hayakuwa shida. Ziwa lote lilikuwa lao. Kilichowatesa ni baridi na njaa. Kesho yake mkono wa Jérémie ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, naye anatetemeka kwa homa.

"Chukua fimbo, shemeji. Miye siwezi tena."

Sangala wa kwanza alikuwa amemeza ndoano. Damu ilimtoka kwenye matamvua.

"Huyo hataishi," Jérémie alisema. "Tumule."

Walimla mbichi. Éliane alitafuna bila kusikia ladha. Wa pili na wa tatu wakaliwa vilevile. Wa nne alikuwa mdogo kuliko kiganja, amenaswa mdomoni tu.

"Huyu mutoto hatatushibisha," Jérémie alisema. "Lowesha mikono kwanza. Usimufinye tumbo. Mushikilie ndani ya maji mpaka aende mwenyewe."

Éliane aliinama. Samaki alilala kati ya vidole vyake, amelegea. Matamvua yakafunguka, yakajifunga. Yakafunguka tena. Alingoja mpaka mgongo ukamuuma. Ghafla mkia ukampiga kiganjani, samaki akatoweka.

Éliane aliuacha mkono majini.

"Achille nilimushika hivi," alisema. "Nilingojea."

"Najua," Jérémie alisema.

Alasiri ile meli ndogo ya mizigo, itokayo Kigoma kwenda Kalemie na magunia ya unga, iliwaona. Mabaharia wakamlaza Jérémie juu ya magunia na kuuosha mkono wake kwa maji ya chumvi. Baadaye daktari wa Kalemie aliuokoa, isipokuwa kidole kimoja. Éliane alipewa blanketi na kikombe cha chai.

"Mama, unaumwa wapi?" baharia mmoja aliuliza.

Alifungua mdomo aseme haumwi popote, kama alivyowajibu watu wote tangu mazishi. Badala yake kikatoka kilio. Alilia mpaka meli ikafunga kamba gatini, na hakuna aliyemnyamazisha.