Mkasi Wenye Jani

Je, umewahi kusogeza uso karibu na kitambaa kilichodariziwa mpaka ua likapotea, ukabaki unaona vishono tu?

Bi Sindano na marehemu mumewe walishona nguo za watoto miaka mingi, katika chumba chenye dirisha pana. Asubuhi yeye alipasha pasi, mume akatia cherehani mafuta huku akipiga mluzi. Nembo yao, mkasi wenye jani, mume ndiye aliyeichora kwa chaki ya fundi. Kila gauni liliibeba shingoni, kwenye lebo ndogo.

Mume alipofariki na jengo lile kuvunjwa, Bi Sindano na binti yake walihamia chumba cha uani. Sasa wateja wangewapata kwa tovuti. Binti alipiga picha lebo ya gauni kuukuu, akaiweka juu ya ukurasa. Kwenye simu ilionekana sawa. Kwenye kompyuta, mkasi ulionekana kama sega lililong'oka meno.

"Mama, nembo hii imezeeka. Tutafute mpya."

"Fanyeni mnavyoona," Bi Sindano alijibu. Akainamia upindo wa gauni. Uzi ukamkatikia mkononi.

Jirani yao hutengeneza tovuti, na wote humwita Fundi Tovuti. Siku hiyo alifuata sketi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sketi iko tayari. Umenenepa, ila hatumwambii mtu."

Jirani alicheka, kisha akaona kompyuta. "Loo! Mkasi umepatwa na nini?"

"Uzee," binti akasema.

"Usiusingizie. Tatizo ni aina ya picha." Aliikuza, vishubaka vya rangi, viraba vidogo vidogo, vikatokea. "Hii ni picha ya nukta. Faili lake linaishia na jpg. Imejengwa kwa vishubaka, kama kitambaa cha kudarizi. Ukiikuza, vishubaka haviongezeki. Vinanenepa tu."

"Kama wewe," binti akamtania.

"Kama *mimi*, mama yako keshasema! Haya, mama, mtoto akikua, unalivuta gauni lake la zamani?"

"Si litachanika? Nakata jingine kwa vipimo."

"Basi hiyo ndiyo picha ya vekta. Haitunzi vishubaka, inatunza maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Kompyuta inachora upya kwa kila ukubwa. Faili lake linaishia na svg. Nembo kama hii inataka hivyo."

"Nibadilishe jina la faili tu?" binti akauliza.

"Ukimwita paka simba, atanguruma? Lazima mistari ichorwe upya."

Wakaketi kuichora. Bi Sindano alisogeza kiti.

"Jani lilielekea kushoto zaidi. Na hapa alimalizia kwa mkato wa haraka, kama mtu aliyesikia chakula kimeiva. Hivyo hivyo. Alikuwa na haraka yule!"

Mkasi ukatoka safi. Binti akanogewa, akaigeuza vekta hata picha ya baba yake. Uso ukawa madoa makubwa.

"Huyo nani tena?" Bi Sindano aliuliza.

"Rudisha ile ya mwanzo," jirani akasema. "Uso una vivuli vingi mno, mistari haivimalizi. Picha za kamera ziache ziwe za nukta. Zisikuzwe tu kupita ukubwa wake."

Binti akairudisha. Baba akatabasamu tena, na vishimo vyake mashavuni.

Wiki hiyo mteja wa zamani alipiga simu. "Nimeuona mkasi, nikajua ni nyinyi. Binti yangu alivaa gauni lenu. Sasa namtafutia mjukuu."

Bi Sindano alikata simu, akamgeukia jirani aliyekuwa mlangoni.

"Hiyo vekta inakuzwa mpaka wapi?"

"Hata ipite ukuta, mama."

Bi Sindano akavua miwani.

"Basi niseme. Nembo mpya sikuitaka hata siku moja. Naitaka hii hii, na naitaka kubwa, juu ya mlango. Baba yenu alikuwa akisema kazi nzuri haipigi kelele. Mimi nilitaka ipige."