Kompyuta Iliyouliza kwa Niaba ya Wote

Kila Jumanne baada ya masomo, Ghizlane na Idder ndio waliotangulia kufika kwenye chumba cha klabu ya kompyuta cha shule yao mjini Taza. Idder alikabidhiwa kompyuta kuu, ile iliyo karibu na dirisha. Kompyuta nyingine zilipotaka kufungua tovuti yoyote, ziliiuliza hiyo kwanza, nayo ikaenda kuuliza huko nje tovuti hiyo ina anwani gani. Idder aliipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Mpe na busu basi, bwana harusi!" Ghizlane alimtania.

Siku hiyo Mwalimu Touria aliingia amekunja uso. Kampuni ya mtandao ilikuwa imelalamika kwamba kompyuta moja shuleni inaulizia tovuti ya wezi wa nywila kila mara, na anwani iliyoonekana ni ya kompyuta kuu.

"Idder, hakuna anayeigusa ila wewe. Mpaka nijue ukweli, usije klabuni."

Idder alichukua mkoba wake akatoka, machozi yanamlengalenga. Ghizlane alimpenda rafiki huyu kama ndugu wa tumbo moja.

Asubuhi alipeleka ubao wa mikate mibichi kwenye tanuri la mtaa, kama kawaida. Ba Jilali mwokaji alikuwa akitoa mikate ya nyumba nyingi kwa beleshi moja refu la mbao.

"Ba Jilali, unajuaje huu ni wa nani?"

"We mtoto, bado umelala? Mama yako si amegonga muhuri wake juu ya donge? Mimi naoka tu. Pasingekuwa na muhuri, kila mkate mbaya mngesema ni wangu!"

Ghizlane aliacha ubao pale pale akakimbia shuleni.

"Mwalimu! Kompyuta kuu inabeba maswali ya wenzake bila muhuri. Huko nje wanaona anwani ya mbebaji tu. Haiwezi kuandika kwenye kila swali anwani ya kompyuta iliyouliza kwanza?"

Mwalimu Touria alijishika kichwa. "Inaweza, binti yangu. Nami nilipaswa kufikiria hilo kabla ya kumfukuza mtoto wa watu."

Akabadilisha mpangilio, wakawasha kompyuta zote, wakasubiri. Punde swali lile likapita tena, safari hii na anwani ya IP ya kompyuta ya sita.

Ghizlane aliigeukia kompyuta ya sita. Hiyo ndiyo aliyotumia yeye, na juma lililopita aliweka humo mchezo wa bure ingawa walikatazwa. Wanafunzi wengi waliitumia kompyuta hiyo. Akinyamaza, nani angejua? Lakini dirishani alimwona Idder amekaa peke yake uwanjani, na moyo ukamuuma sana.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliweka mchezo wa bure, huenda ndio unaoulizia tovuti ile."

Mwalimu alimwita Idder na darasa zima, akamwomba radhi mbele ya wote.

"Anwani imetuonyesha kiti tu," aliwaambia. "Mtu tumemjua kwa sababu Ghizlane amesema kweli. Msimlaumu mbebaji kabla hamjajua mzigo ni wa nani. Na mzigo ukiwa wako, jitokeze."

Ghizlane aliinama kwenye kompyuta ya sita kuufuta mchezo, hathubutu kuinua macho. Kiti kikaburutwa kando yake.

"Sogea huko, mharibifu wangu," alisema Idder. "Peke yako hutamaliza kuufuta leo."